Maji ya Kutokea Eda

Asubuhi ile, baada ya sala ya alfajiri, nilisimama kwenye roshani ya chumba changu hotelini nikahesabu mwezi kwa vidole, kama nilivyofundishwa na baba yangu. Mfunguo Mosi, mwezi kumi na tano. Bamvua, maji makuu. Mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi huwa yamepwa. Na yakipwa ya bamvua hutoka mbali, yakaacha uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi ambamo mwanamke anaweza kukaa kitako, maji yakamfika kifuani, na jicho la mtu lisimfikie. Hivyo ndivyo bahari ilivyo. Sikuwa na shaka hata chembe.

Nikagonga mlango wa chumba cha pili, walimolala dada yangu na binti yangu.

"Saa nne kamili," nikasema. "Jitayarisheni."

"Una hakika?" dada yangu akauliza kutoka ndani.

"Nimeshahesabu mwezi."

Tulikuwa Gambia, nchi ambayo mpaka wiki chache kabla niliijua kwenye ramani tu, kama kidole kilichochomekwa ndani ya Senegali. Tulikuja kwa ndege ya watalii kutoka London, imejaa wazee wa Kiingereza waliovaa kaptura tangu uwanjani Gatwick, na nje baridi inakata masikio. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Sisi watatu peke yetu ndio tuliovaa makoti mpaka tunashuka, na dada yangu chini ya koti lake alikuwa amejifunga kanga nyeupe. Hiyo kanga nyeupe ndiyo iliyotupeleka.

Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki kiangazi cha mwaka uliotangulia, Mungu amrehemu. Walikuwa wakikaa Kilburn, London, ghorofa ya tatu, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Dada alikaa eda pale pale, miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyotaka. Hakutoka ila kwa dharura, hakujitia manukato, hata sabuni alioga na ile ya watoto wachanga isiyo na harufu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia siku, kwa mwezi wa kuandama, kwa sababu binti yangu alianza kuhesabu kwa kalenda ya ukutani na angemzidishia. Siku ya mwisho ilipotimu, majani ya miti ya barabarani kwao yakiwa yamekwisha kuanguka, nilipanda ngazi nikasoma dua, kisha nikamwambia, "Dada, umetoka."

Akanitazama. "Nimetoka wapi? Sijaoga."

Kwetu Pemba, kijijini tulikozaliwa, mwanamke akimaliza eda hupelekwa pwani. Wanawake wazima humwingiza majini, akazama mara saba, na ile nguo nyeupe huachiwa maji. Akitoka huvishwa kanga mpya, akafukizwa udi, akarudi nyumbani mchana kweupe watu wanamwona. Na anayemwogesha lazima awe mwanamke ambaye naye aliwahi kukaa eda akatoka. Si kila mtu. Mama yetu aliogeshwa hivyo, na bibi yetu kabla yake.

Mimi nimesomesha dini tangu ujana wangu, kwanza kwetu, kisha London, Jumamosi na Jumapili, kwa watoto wanaonielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilimweleza dada yangu kwa upole kwamba sheria haiijui bahari. Eda huisha kwa siku, haiishi kwa maji. Siku zikitimu umetoka, hata kama umelala.

"Nimesikia, Maalim," akasema. Jina hilo alinipa kila nilipomuudhi. "Masikio yamesikia. Mwili haujasikia."

"Hiyo ni mila tu, dada."

"Nimesema ni dini? Nimesema ndivyo ninavyojua kutoka. Wewe nionyeshe namna nyingine, nami nitatoka nayo."

Sikuwa nayo. Nilikuwa na hukumu, na hukumu yangu ilikuwa sahihi, na dada yangu aliendelea kukaa kwenye godoro lake chini, na kanga yake nyeupe, wiki baada ya wiki. Nyumba ya kulea wazee aliyokuwa akifanya kazi ilimwandikia barua mbili za upole kumuuliza atarudi lini. Alizisoma, akazikunja, akaziweka chini ya msahafu.

Tulijaribu bahari ya Kiingereza. Binti yangu alituendesha mpaka Southend, mimi, dada, na bibi mmoja wa kwetu aliyekwisha kukaa eda mara mbili, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuogesha. Tulikuta upepo, tope na mawe. Bibi yule alivua viatu, akatia kidole kimoja cha mguu majini, akakitoa.

"Hii si bahari," akasema. "Hii ni barafu iliyoyeyuka. Mkinileta hapa tena, njooni na sanda yangu."

Tukanunua chipsi tukarudi. Njia nzima dada yangu alitazama dirishani, na alipofika kwake alisema neno moja tu: "Basi." Neno hilo lilinitisha kuliko kilio. Nikaona kwamba mtu anaweza kukaa hivyo miaka, bila ya ugonjwa na bila ya kosa, akisubiri tu mlango.

Kwenda Pemba hakukuwezekana. Karatasi zake za ukimbizi ziliandikwa wazi kwamba anaweza kusafiri nchi zote isipokuwa ile aliyotoka. Binti yangu wakati ule alikuwa akifanya kazi ofisi ya kuuza tiketi, na siku moja alikuja akaweka mezani kijitabu chenye picha ya mchanga na mwamvuli wa makuti.

"Baba, Gambia," akasema. "Bahari ya joto. Waislamu watupu. Na huko hawana neno na karatasi za shangazi."

"Nani atamwogesha?"

"Nitamwogesha mimi."

"Wewe hujaolewa, sembuse kufiwa."

"Baba," akasema kwa Kiingereza, kama anavyofanya akitaka kumaliza maneno, "kwanza tumfikishe kwenye maji."

Mama yake alibaki Kilburn na wajukuu, watoto wa kaka yake. Tukaenda sisi watatu, wiki moja.

Sasa mtu atauliza: wiki nzima, na mpaka siku ya mwisho ndipo ninahesabu mwezi? Kosa lilikuwa langu. Siku mbili za mwanzo vidonge vya malaria vilimsumbua dada tumbo, hakutoka chumbani. Baadaye akapata nafuu, akataka kwenda, nikamzuia mimi. Nilisema tungoje bamvua, maji yatoke mbali, apate sitara yake. Akanikubalia, kwa kuwa katika mambo ya mwezi alikuwa akiniamini. Bahari yenyewe nilipita kuiangalia mara moja au mbili jioni, na sikugundua chochote, kwa sababu sikuwa nikitazama. Nilikuwa nikijua. Basi la kutupeleka uwanja wa ndege lilikuwa lije kesho yake asubuhi. Siku ya bamvua ndiyo iliyokuwa siku yetu ya mwisho.

Saa nne kasorobo tukapita bustani ya hoteli, dada yangu katikati na kanga yake, binti yangu amebeba mfuko wenye doti mpya ya kanga. Nilitangulia mbele kama kiongozi wa msafara. Tukatokea ufukweni, nikasimama.

Maji yalikuwa yamejaa. Yalikuwa yamejaa mpaka kwenye miguu ya miamvuli, na watu wa hoteli walikuwa wakivuta vitanda vya jua kuvirudisha juu. Wala hayakuwa maji ya kwetu yaliyozuiwa na miamba huko nje, yanayokuja ufukweni yamekwisha kuchoka. Yalikuja mawimbi mazima, marefu, yamenyanyua vichwa, yakaanguka kwa kishindo na kurudi yakikwangua mchanga.

Dada yangu alitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Maalim."

"Naam."

"Uwanja wa mchanga uko wapi?"

"Subiri kidogo. Huenda ndiyo yanaanza kupwa."

Tukasubiri. Wimbi moja likaja likalowesha viatu vyangu na kanzu mpaka magotini.

Mlinzi wa ufukwe, mtu mzima mwenye sare ya kaki na tasbihi mkononi, alikuja akanishika mkono akanivuta nyuma, kama mtu anavyovuta mzee wake. Tukasalimiana kwa salamu ya Kiislamu, nikamuuliza kwa Kiingereza maji yanatoka saa ngapi. Akasema saa tisa, saa kumi alasiri.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Leo mwezi kumi na tano."

"Ndiyo," akasema. "Na hapa pia ni kumi na tano."

"Mwezi kumi na tano, saa nne asubuhi maji yanakuwa yamepwa."

Alinitazama kwa heshima kubwa, akanyoosha mkono kuelekea baharini. Binti yangu aligeuza uso, lakini nilimwona mabega yakimtikisika.

Miaka hamsini na kitu nilihesabu bahari kwa mwezi, na haikunipitia hata mara moja kwamba kila pwani ina saa yake. Nilisomesha watoto kwamba Mungu ni Mola wa mashariki mbili na magharibi mbili, halafu nikaja kwake magharibi na ratiba ya Pemba.

Lakini dada yangu hakucheka. "Haya si maji ya kuoga," alisema polepole. "Haya ni maji ya kupigana. Nyinyi pumzikeni. Mimi nimepata jibu langu. Sikuandikiwa." Akageuka kurudi chumbani.

Nilijua kwamba akiingia chumbani hatatoka tena mpaka basi lije, na Kilburn atarudi kwenye godoro lile lile. Binti yangu ndiye aliyemkimbilia.

"Shangazi, kaa kidogo tu. Usioge. Kaa upate upepo. London utaupata wapi upepo huu?"

"Upepo upo London."

"Wa joto?"

Dada akasita. Akarudi. Alikataa kitanda cha jua, akasema hajafa bado, akakaa kwenye mkeka chini ya mwamvuli wa makuti. Pande zote mbili wazee wa Kiingereza walikuwa wamejianika kama samaki wa ng'onda, wamepakwa mafuta, wamefumba macho, na kila baada ya muda mmoja anageuzwa na mke wake aive upande wa pili.

"Mabwana hawa," dada alisema, "nikiwaogesha kazini wanalalamika maji ya moto. Huku wanajikaanga wenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kutaja kazi yake. Nikajifanya nakung'uta mchanga kwenye kanzu, nisije nikaharibu.

Ufukwe ule ulikuwa na vibanda vya mbao vya wanawake wanaokamua juisi, kila kibanda kimepakwa rangi na kuandikwa namba. Mwenye namba tisa alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kilemba cha manjano, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mawimbi. Alikuja na bilauri tatu za juisi nyekundu ya maua, ile ambayo kwetu tunaiita rozela, akaweka mbele yetu kabla hatujaagiza.

"Waislamu kutoka wapi?" akauliza, kwa Kiingereza chake cha sokoni.

"London," binti yangu akasema.

"London hakuna Waislamu wenye sura hii. Kabla ya London?"

"Zanzibar," nikasema.

Hakupajua, lakini alipapenda. Akachuchumaa mkekani, akaishika kanga ya dada yangu kwenye upindo, akaisugua kwa vidole. "Na wewe, mama, hija imekwisha au ndiyo unakwenda? Nyeupe hivi ufukweni!"

Dada akamjibu kwa Kiingereza cha kazini kwake, kile cha kusema na wagonjwa, kifupi na safi. "Mume wangu alikufa."

Mwanamke yule aliiacha kanga. Akaonyesha vidole vinne, kisha akafungua mikono yote miwili, vidole kumi.

"Ndiyo," dada yangu akasema. "Zimekwisha. Zamani."

"Zimekwisha, na bado umevaa? Hawakukuosha?"

Nadhani hakuna fatwa niliyowahi kuitoa iliyomfikia dada yangu kama swali lile. Alinyanyua kichwa. "Kwenu mnaosha?"

"Kwetu!" Yule mama akajipiga kifua. "Mimi wangu alikufa kwenye mashua, miaka sita sasa. Siku ya mwisho mama mkwe na wenzake wakanitoa alfajiri, wakanimwagia maji mpaka nikakosa pumzi. Asiyeoshwa anatembeaje? Atabaki na maiti mgongoni."

Wakaanza kuelezana. Nilikaa pembeni na bilauri yangu, nimesahaulika kabisa. Kwao huoshwa kwa maji ya kisima, si ya bahari. Dada akasema kwetu ni bahari. Kwao mwoshaji ni mjane aliyekwisha kutoka. Dada akasema na kwetu vile vile, akanitupia jicho. Walipofika kwenye nguo ndipo walipogombana.

"Nguo unaiachia maji? Nzima hivi? Haijachanika?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Ufujaji! Kwetu nguo anapewa aliyekuosha. Mzee!" Akanigeukia. "Wewe una ndevu, umesoma. Mungu anapenda kutupa nguo nzima baharini?"

Nikakohoa. Nikasema, kwa kweli, kupoteza mali bila ya sababu kunachukiza.

"Aha," dada yangu akasema kwa Kiswahili. "Leo ndiyo fatwa zako zimepata kazi."

"Utaifanyia nini?" binti yangu akamuuliza yule mama. "Utaivaa?"

"Kuvaa? Kitambaa laini hivi? Nitachujia juisi."

Dada yangu alimtazama, akaitazama kanga yake, akaitazama bilauri nyekundu mkononi mwangu. Akacheka. Si cheko la kujilazimisha. Alicheka mpaka akashika ubavu, na yule mama akacheka kwa sababu yeye anacheka, na Mwingereza mmoja akafumbua macho akatabasamu bila ya kujua kwa nini.

"Nguo ya eda ya mjane wa Kipemba," dada alisema akifuta machozi, "inachuja juisi ya watalii. Marehemu angeipenda hiyo." Kisha akatazama mawimbi. "Lakini maji haya siyawezi."

"Haya hata mimi siyawezi," yule mama akasema. "Nani anaoga saa hizi? Kula kwanza."

Ukafuata mchana ambao mpaka leo ninaukumbuka kwa shukrani. Tulikula samaki wa kuchoma na vitunguu vya ndimu, kwa mikono, kwenye sinia moja. Dada alikula kichwa chote akanyonya mifupa. Binti yangu alilala mkekani na kofia usoni. Adhuhuri nilisali nyuma ya vibanda, kwenye mchanga mgumu, pamoja na yule mlinzi na watu wa hoteli wachache. Walinitaka nitangulie kwa ajili ya umri wangu, nikakataa. Mlinzi ndiye mwenyeji na ndiye aliyejua maji. Nikasimama nyuma yake. Kibla ya pale ni mashariki, unaiacha bahari mgongoni, na wao wanasali kwa kuteremsha mikono, kwa madhehebu yao, mimi nimefunga yangu kifuani. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni tangu kijana. Kusimama bega kwa bega na watu wanaoyafanya ni kitu kingine. Katika sijda ya mwisho sikumwomba Mungu awape watu wangu elimu. Nilimwomba amfungulie dada yangu, kwa njia yoyote Aitakayo, hata kama si ile niliyoihesabu.

Baada ya hapo bahari ikaanza kurudi nyuma, kama mlinzi alivyosema. Haikufungua uwanja, wala vidimbwi havikuonekana. Ilitoka hatua thelathini, arubaini, ikaacha mteremko wa mchanga unaong'aa, na mawimbi yaliyokuwa yakipigana yakawa yanajikunjua tu, yanakuja mpaka magotini na kurudi. Mwenye namba tisa alikwenda akasimama mle ndani, akapiga maji kwa kiganja kama mtu anayejaribu godoro dukani. Akaita. Kutoka vibandani wakaja wanawake wenzake wanne, wakifuta mikono.

Dada yangu alikuwa amekaa vile vile. Nilidhani atakataa. Watalii walikuwapo, si wengi lakini walikuwapo, na dada hakuwahi kuonekana na mtu asiye wake bila ya kujisitiri.

Wale wanawake wakafungua vitambaa vyao vya juu, vile vipana wanavyojifunga juu ya magauni, kimoja cha bluu, kimoja cha majani ya migomba, viwili vyenye picha za samaki. Wakavishika ncha kwa ncha. Ikawa nyumba, katikati ya ufukwe, haina paa, ina kuta za rangi.

"Mama wa Zanzibar!" mwenye namba tisa aliita kutoka ndani. "Maji hayatanisubiri, na mimi nina wateja!"

Dada akainuka. Alinipita bila ya kunitazama, akasema, "Nenda zako kule, Maalim. Hapa si mahali pa wanaume."

"Niende wapi?"

"Kaa kwenye kibanda chake," binti yangu akasema. "Mwangalizie. Na geuka, baba."

Ndivyo nilivyojikuta kwenye kibanda namba tisa, mwenye kanzu na kofia, nimeipa bahari mgongo, mbele yangu maembe, machungwa na jagi la rozela. Akaja Mwingereza mzee, amekuwa mwekundu kama ile juisi, akataka ya machungwa. Sikujua mashine inafanyaje kazi. Nilimkamulia kwa mkono, na mbegu zote, nikamkabidhi kwa adabu. Akainywa yote akitafuna. Akaniuliza kuna nini kule nyuma, mbona wanawake wamesimamisha mapazia.

"Dada yangu anatoka," nikamwambia.

"Anatoka wapi?"

Nikafikiri namna ya kumweleza, nikaona ni refu. "Nyumbani," nikasema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Nyuma yangu nilisikia sauti ya binti yangu ikihesabu kwa Kiswahili. Mtoto huyu aliyenijibu kwa Kiingereza maisha yake yote, sasa anapaza sauti juu ya mawimbi: "Moja!" Na wale wanawake wakaipokea kwa lugha yao. "Mbili!" Kati ya hesabu na hesabu nilisikia maji yakianguka, na dada yangu akipiga ukelele wa baridi, na mwenye namba tisa akimkaripia asimame vizuri. "Tatu! Nne!" Kwenye ya tano wimbi lilikuja kubwa, kwa sababu wote walipiga kelele pamoja, kisha wakacheka, na nikaogopa. Nilitaka kugeuka. Nilishika meza ya kibanda kwa mikono miwili, sikugeuka. "Sita!"

Ya saba binti yangu hakuihesabu. Ilihesabiwa na dada mwenyewe, kwa sauti nzito ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya msiba. Kisha akalia. Miezi ile yote alikuwa hajalia mbele ya mtu. Alilia pale, katikati ya wanawake asiojua majina yao, kilio kirefu cha mtu anayetua mzigo, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mimi pia nililia, kwenye maembe ya watu. Vigelegele vilipopanda nilijua amekwisha kusimama.

Walimtoa amevaa doti mpya, nyekundu na nyeusi, kichwa kimefunikwa vizuri, uso umeoshwa. Udi hatukuwa nao; tuliusahau Kilburn. Mmoja wa wanawake alileta kijungu cha uvumba wao, unaoingia puani mzito na mtamu, wakamfukiza pale pale kwenye mchanga, na yeye akageuka pande zote kama bibi harusi. Mwenye namba tisa alikuwa amekwisha kuikamua ile kanga nyeupe na kuianika kwenye kamba ya kibanda.

"Nani kamwaga mbegu kwenye meza yangu?" akauliza.

Dada yangu alikuja akasimama mbele yangu. Alinukia uvumba na chumvi. Nilitaka kumwambia jambo la maana, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema mimbarini. Nikasema, "Alhamdulillahi, dada."

"Alhamdulillahi." Akavua ndala zake, akanipa nizishike. "Shika."

"Unakwenda wapi?"

"Majini."

"Si umekwisha kutoka?"

"Nimetoka. Sasa nataka kuogelea." Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama tulipokuwa watoto, yeye mkubwa na mimi wa kufuata nyuma. "Kuogelea nako kuna hukumu yake?"

"Mawimbi yale, dada. Unajua hata kuogelea?"

"Nilijua kabla wewe hujazaliwa."

Akamshika binti yangu mkono, akawaita na wale wanawake, na ile nyumba ya vitambaa ikateremka tena kuelekea majini, inakwenda mbio, kuta zikipepea na kucheka. Jua lilikuwa bado juu kiasi, alasiri nilikwisha kuisali, na magharibi ilikuwa mbali. Nikaupa mgongo upande wa bahari, nikakaa kwenye kigoda cha kibanda na ndala mapajani, nikawangojea.